Wa Kwanza Wawili

Shirika la umma alilofanyia kazi Antipasi lilipofungwa, vitu vyake vilipigwa mnada palepale uani. Watu wa mjini Singida walinunua makabati, viti, baiskeli za matarishi na hata mapazia. Kompyuta ilibaki mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyejua ataipeleka wapi. Antipasi, aliyekuwa mtunza stoo pale tangu ujana wake, aliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, akaipakia kwenye mkokoteni, akaisukuma hadi nyumbani huku upepo wa kiangazi ukimjaza vumbi machoni. Mkewe, Leah, alimwona akiingia nayo uani.

"Hiyo inasaga au inakamua?" aliuliza.

"Haisagi wala haikamui."

"Basi utaila wewe."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mjini kila mtu alikuwa anaanza kitu. Waliopunguzwa kazi walifungua vibanda vya mitumba. Nyuma ya nyumba zilinguruma mashine za kukamua alizeti, na mitaa mizima ilinuka mashudu. Hospitali, tulikozoea kuingia na kutoka bila kuulizwa shilingi, kulikuwa na dirisha jipya la kuchangia gharama, na wazee walisimama mbele yake wakidhani wamekosea mlango. Tulikuwa tunajifunza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba mambo ya bure yalikuwa yanakwisha. Lakini ukiwauliza waliokuwapo, watakwambia pia kwamba kulikuwa na raha yake. Mtu aliamka asubuhi akiwa na wazo, na jioni wazo hilo lilikuwa na kibao mlangoni.

Kibao cha Antipasi kilipatikana baada ya kukutana na Felista. Huyu alikuwa binti wa Sepuka aliyerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta, akawa anakaa kwa shangazi yake bila kazi, kwa kuwa mjini hapakuwa na kompyuta ya kugusa. Antipasi alisikia habari zake kanisani. Felista alifika, akamwamkia Leah, akaketi mbele ya mashine iliyokuwa imefunikwa kitenge sebuleni, akaiwasha. Ilipoanza kuunguruma, Leah mwenyewe alisogea kutazama.

Walikodi chumba nyuma ya duka moja karibu na stendi ya mabasi. Antipasi alipaka rangi ya maziwa, akaandika kwa brashi "A na F Kompyuta." Yeye alikuwa na miaka arobaini na kitu, Felista hajafika thelathini, alimwita kaka, naye akamwita dada, na Leah akawaletea chakula cha mchana kwenye hotipoti moja. Mwanzoni walichapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi. Umeme ukikatika walikaa kizingitini wakipiga soga na mwenye duka hadi urudi. Printa yao ilikuwa ya zile za utepe zilizolia kama cherehani inayoshona turubai, na mteja alisubiri karatasi yake kama anayesubiri mkate utoke jikoni.

Halafu Felista akatengeneza programu ya matokeo ya shule. Mwalimu anaingiza alama za kila mwanafunzi, programu inajumlisha, inatafuta wastani, inampangia kila mtu nafasi yake darasani na kuchapa ripoti ya mzazi. Leo jambo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule mkuu wa shule mmoja alimwomba Felista arudie, akidhani ameona kiinimacho.

Mteja wao wa kwanza alikuwa Mwalimu Selina, mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana iliyojengwa na wazazi upande wa Sepuka. Marafiki wa shule walikuwa wamewaletea kompyuta, na shule ilikuwa na jenereta. Siku ya kuiweka programu, walimu wote walijazana ofisini kwake. Kabla ya hapo, kila mwisho wa muhula walikuwa wakikusanyika chumba cha walimu kujumlisha alama kwa kalamu, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika, karanga za kukaanga zikizunguka kwenye sinia. Mwalimu wa hesabu, Laurenti, alitazama ripoti ya kwanza ikitoka kwenye printa, akasema, "Sasa tutakuwa tunakutana kwa ajili ya nini?" Watu wakacheka. Antipasi na Felista walirudi mjini nyuma ya pikapu iliyopakia magunia ya uwele, wameshikilia kofia zao, na Antipasi aliimba njia nzima.

Programu ikafanya kazi. Shule nyingine zikainunua, moja Manyoni, nyingine Itigi karibu na stesheni ya treni. Kisha, mwaka wa pili, mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika, Mwalimu Selina aliingia ofisini kwao na viatu vyenye matope. Wote wawili walisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Alitoa kwenye mkoba ripoti mbili za kidato cha pili, akaziweka mezani zimelingana kingo. Ya kwanza ilikuwa ya msichana anayeitwa Aneth, ya pili ya mwenzake Eliana. Wastani wao ulikuwa ule ule, bila tofauti hata ya nukta. Aneth alikuwa wa kwanza. Eliana alikuwa wa pili.

Felista aliinama juu ya karatasi zile, na kabla mwalimu hajasema neno, alikwisha kuelewa. Programu ilikuwa haijui kulinganisha. Ikikuta wawili waliolingana, iliwapanga kwa herufi ya jina, kisha ikawapa nafasi kwa kufuata mstari. A ilitangulia E. Ingekuwa hivyo kila watakapolingana, hadi wasichana hao wamalize shule.

"Nataka mrekebishe," Mwalimu Selina alisema. "Na mkiwa mnarekebisha, muweke na sehemu ya tabia, na nembo ya shule juu ya ripoti. Wazazi wanaipenda nembo."

Antipasi alivuta kiti chake mbele. Alikuwa mtu wa maneno mazuri na wateja, lakini mambo ya kulipia alikuwa ameyafikiria sana tangu shirika lilipofungwa. "Mwalimu, tutafanya yote. Ila marekebisho yana gharama yake. Kuna nauli, kuna disketi, kuna muda wa dada hapa. Hata hospitali siku hizi tunachangia."

"Tabia na nembo nitalipia. Hilo la nafasi silipii."

"Kazi ni moja, mwalimu."

"Si moja. Fundi akinishonea gauni mkono mmoja mfupi, simlipi kufumua. Nikinenepa mwenyewe, nitampelekea alipanue, na nitamlipa. Mimi sijanenepa, Antipasi. Mkono ni mfupi."

Felista alitaka kucheka, akajizuia. Antipasi hakucheka. Alisema gauni unaliona lote ukilivaa mara moja, lakini programu ina mishono elfu ambayo hata aliyeishona hawezi kuiona mpaka siku ichanike. Alisema shule iliitumia mwaka mzima bila kulalamika. Alisema tena, na hili Felista alijua ni kweli, kwamba wakianza kurekebisha bure, kesho kila shule itakuja na jambo inalolitaka na kuliita kosa. Kule Itigi kuna aliyekwisha kudai kwamba kukosekana kwa wino wa rangi ni kosa.

"Na zaidi, mwalimu," alimalizia, "ni namba tu. Mnaweza kufuta mbili mkaandika moja kwa kalamu."

Mwalimu Selina alianza kukusanya ripoti zake. "Ni namba, ndiyo," alisema. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Kulikuwa na daktari mstaafu aliyewahi kufanya kazi wilaya ile, ambaye kila mwaka alimlipia ada msichana aliyekuwa wa kwanza katika kila kidato. Mwaka ule alimlipia Aneth. Baba yake Eliana, mkulima wa Misigiri, alikuwa amejikongoja kwa ada ya miaka miwili na hakuweza tena. Shule zilipofunguliwa, Eliana hakurudi. Aliyegundua ni Aneth. Siku ya kufunga shule wasichana walilinganisha ripoti zao, wakaona wastani ni mmoja, wakachukulia ni utani wa mashine. Rafiki yake alipokosa kutokea, Aneth alipanda gari hadi Misigiri mwisho wa wiki, akaichukua ripoti ya mwenzake, akaja nayo ofisini kwa mkuu wa shule.

"Aliniambia, 'Mwalimu, kama ni lazima mmoja akose, tupigiwe kura ya bahati.' Mtoto wa kidato cha tatu." Mwalimu Selina alifunga mkoba. "Muhula huu tutajumlisha kwa kalamu."

Alipotoka, mvua ilianza tena, na wakasikia akimwomba mwenye duka nailoni ya kufunikia mkoba.

Felista ndiye aliyeanza.

"Kaka, hili hatuwezi kulitoza."

"Umesikia nilivyosema. Tukifungua mlango huu hatutaufunga."

"Nimesikia. Na la rangi nakubaliana nawe. Lakini hili ni mkono wangu. Nilipaswa kufikiri kuna watu watalingana. Kila darasa wapo."

"Usiseme ni mkono wako."

"Ni wa nani?"

Antipasi alizunguka meza, akaenda kusimama mlangoni. Aliposema tena alikuwa amempa mgongo. "Tukisema hatulipishi, maana yake tumekubali kosa ni letu. Tukikubali kosa ni letu, tumekubali na hilo la yule binti. Wewe unaweza kulala na hilo?"

Hapo Felista akaelewa kwamba Antipasi hakuwa anapigania nauli na disketi. "Siwezi," alisema. "Lakini hata tukitoza sitalala."

Antipasi alichukua koti lake, akaondoka kabla ya saa za kufunga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake hakuja. Felista aliwasha kompyuta, akafungua programu yake, akakuta mahali penyewe. Palikuwa padogo. Kuparekebisha kulimchukua asubuhi tu. Kilichomchukua siku yote iliyobaki ni kujaribu: wawili wakilingana, watatu wakilingana, darasa zima likilingana, aliyekosa mtihani, mwenye sifuri. Mara hii alitafuta kila namna watu wanavyoweza kufanana. Leah alileta hotipoti mchana. Felista alimwuliza kaka yuko wapi.

"Amepanda basi la Kiomboi alfajiri. Nilidhani mmetumana."

Kiomboi ndiko alikozaliwa Antipasi, na basi hilo hupita Misigiri. Alishuka hapo, akauliza nyumba ya Mzee Simeoni, baba yake Eliana, akaelekezwa shambani. Ilikuwa wakati wa palizi, na mkulima haachi jembe kwa ajili ya mgeni aliyevaa koti. Mzee alipokea shikamoo yake, akamsikia lafudhi, wakahamia Kinyiramba. Antipasi alivua koti akalitundika kwenye kichaka, akaomba jembe. Wakapalilia alizeti sambamba, mzee, mkewe, Eliana na mgeni, na ilikuwa rahisi zaidi kusema maneno yale ukiwa unatazama majani kuliko ungekuwa unatazamana na mtu.

Alieleza yote. Mzee Simeoni alifika mwisho wa tuta kabla ya kujibu.

"Mashine ndiyo iliyokosea au mtu?"

"Mtu, baba. Sisi tulioitengeneza na kuiuza."

"Mimi nilimwambia kuwa wa pili si vibaya," mzee alisema. "Nilimwambia mwaka ujao ajitahidi, kama utakuwapo." Akafuta jembe kwa kidole gumba. "Umekuja kutoka Singida kuniambia hilo tu?"

"Nimekuja kukuambia hilo."

Eliana alikuwa amesimama mstari wa tatu, kanga imefungwa kichwani. "Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza?" aliuliza.

"Mlikuwa wa kwanza wawili."

Antipasi alisimulia baadaye kwamba msichana alitabasamu, akarudi kupalilia haraka kuliko mwanzo, na kwamba tabasamu lile lilimwuma kuliko angetukanwa. Alikula kwao, ugali wa uwele na mlenda, akalala Kiomboi kwa ndugu zake. Aliporudi ofisini, suruali ina matope hadi magotini, alikuta Felista ameandika disketi mpya na kuibandika jina.

"Twende shuleni," Antipasi alisema. "Na tusiwadai."

Walienda na kitu kingine. Antipasi alikuwa amewaza njiani, na mbele ya Mwalimu Selina alisema neno ambalo tangu siku hiyo alilisema kwa kila mteja: kosa la kwetu tunalirekebisha bure, liwe limeonekana leo au baada ya miaka kumi, jambo jipya mnalolitaka mnalilipia, na mkibisha kipi ni kipi tutakaa chini tuamue pamoja. Mwalimu alilipia tabia na nembo, baada ya kuomba apunguziwe, akapunguziwa.

Waliwakuta walimu chumbani kwao wakijumlisha majaribio ya mwezi kwa kalamu, na karanga zilikuwa zimerudi. Jenereta haikuwa na mafuta, kwa hiyo programu isingeweza kuwekwa mpaka jioni. Laurenti aliwasogezea viti. Felista alipewa alama za kidato cha kwanza, Antipasi akawa msomaji. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtunza stoo aliyezoea kuhesabu magunia, na mchana ule wote walicheka na kubishana na kurudia mistari iliyokosewa. Miaka mingi baadaye Felista angesema kwamba katika kazi zake zote za kompyuta, siku anayoikumbuka kwa furaha kubwa ni hiyo waliyofanya bila kompyuta.

Mwalimu Selina aliandika kwa daktari, na daktari alikubali kuwalipia wote wawili. Jibu lake lilichelewa, na Eliana alirudi darasani muhula ulipokuwa umekaribia kwisha. Muhula ule alishika nafasi ya tisa. Hakuwahi kuwa wa kwanza tena. Aneth aliendelea kushika nafasi hiyo mpaka kidato cha nne, na wengine wanasema muhula ule alioukosa Eliana ndio uliomrudisha nyuma, wengine wanasema hesabu za kidato cha tatu huwarudisha nyuma wengi. Eliana alifaulu vya kutosha kwenda chuo cha uuguzi. Kabla ya kwenda, aliingia ofisini kwao kuchapisha barua ya maombi. Alimkumbuka Antipasi kwa jembe. Antipasi alikataa hela yake, Eliana akaiweka mezani, wakasukumana nayo mpaka Felista akasema, "Kaka, hii si kosa letu, hii ni barua. Pokea." Akapokea.

Hawakutajirika. Lile neno la Antipasi liliwagharimu: kuna mwaka walikwenda Manyoni mara kwa mara kwa sababu ya kosa moja lililojificha, wakilala nyumba ya wageni kwa pesa zao wenyewe. Wengine waliojifunza kompyuta baada yao walitoza kwa kila kitu na wakajenga. Lakini shule zao hazikuwahama. Walimu wakuu waliostaafu walipita kuwasalimu tu, wakakaa kizingitini na kunywa chai.

Kisha mambo yakabadilika, kama yalivyobadilika kabla yao. Kompyuta zilianza kuja na programu za kila aina ndani yake, walimu vijana wakajua kuzitumia. Felista aliolewa na Clement, karani wa reli, na mumewe huyo akahamishiwa Dodoma. Antipasi alisema chumba hakina maana akiwa peke yake. Yeye na Leah wangerudi Kiomboi kulima alizeti. Waligawana vitu bila kuzozana. Felista alichukua kompyuta, Antipasi akachukua printa, ingawa hakuwa na cha kuchapa.

Asubuhi ya safari Antipasi alimsindikiza Felista hadi stendi, akaipanga mwenyewe mizigo yake kwa sababu hakumwamini utingo. Hawakujua waagane vipi. Walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka hiyo yote bila kuwahi kuagana kwa zaidi ya siku chache.

"Ukifika piga simu dukani," alisema.

"Nitapiga."

Basi liliondoka na kupita kati ya mawe makubwa ya kutokea mjini, na Felista aliangalia nyuma mpaka stendi ikapotea. Jioni alitafuta kibanda cha simu Dodoma, akapiga namba ya duka. Mwenye duka alicheka. Alisema Antipasi amekaa pembeni ya simu tangu mchana, amekataa hata kwenda kula. Wakapeana simu. Walizungumza habari za njia, na mvua, na kama shemeji amempokea vizuri, na Leah akaomba naye aseme neno. Walizungumza mpaka hela ya simu ikaisha, na kompyuta hawakuitaja hata mara moja.